Tujue Mapigo ya Moyo Kabla ya Kukimbia

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa wakazi wa Busia, iliyotolewa kabla ya matembezi na mbio za ujirani mwema

 

Tumesikia kwamba taarifa ya mkutano huu ilipopita sokoni, baadhi yenu mliulizana, "Polisi na moyo, wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutatembea na kukimbia pamoja, askari na raia, wa pande zote mbili za mpaka. Mwaka uliopita tulifanya hivyo, na siku ile watu wawili waliketi chini njiani kwa kizunguzungu. Mmoja wao alikuwa mzee aliyejitahidi kumfikia kijana wa upande wa pili ili upande wake usiaibike. Wote wawili walirudi nyumbani salama, tunamshukuru Mungu. Lakini tuliporudi kambini tulijiuliza: je, wangapi kati ya wale waliokimbia walijua mioyo yao ilikuwa inakwenda kwa kasi gani? Na je, mzee yule angeanguka kabisa, wangapi kati yetu wangejua la kufanya?

Hiyo ndiyo sababu ya mkutano huu. Sisi si madaktari, wala hatuchukui nafasi ya wahudumu wa afya waliokaa nasi hapa mbele. Haya tutakayosema ni yale yanayofundishwa na wataalamu wa afya na wakufunzi wa mazoezi, na ambayo askari anatakiwa kuyajua kwa sababu mazoezi ni sehemu ya kazi yake. Tena, mtu akianguka barabarani, mara nyingi askari ndiye anayeitwa kwanza.

Kazi ya moyo

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa karibu ngumi ya mwenyewe. Kwa mtu mzima aliyetulia, hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Tukichukua mapigo 70 kwa dakika, hayo ni zaidi ya mapigo 100,000 kwa siku moja, usiku na mchana, bila likizo. Kila pigo husukuma karibu mililita 70 za damu, na hivyo katika dakika moja ya utulivu moyo husukuma karibu lita tano.

Tukianza kukimbia, misuli ya miguu hudai damu nyingi zaidi, nao moyo huitikia kwa kupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Mtu wa kawaida akikimbia kwa bidii, moyo wake unaweza kusukuma lita 15 hadi 20 kwa dakika. Kila mmoja wetu hapa analijua jerikani la lita 20, anajua uzito wake kichwani au nyuma ya baiskeli. Basi fikirieni msuli mdogo kama ngumi ukijaza na kumwaga jerikani zima kila dakika. Kuongezeka huko si ugonjwa. Ndivyo moyo unavyoimarika, kama mkono wa mhunzi unavyoimarika kwa nyundo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Moyo wenyewe nao unahitaji damu ili ufanye kazi, na sehemu kubwa ya damu hiyo huipata katika kile kitambo kifupi cha mapumziko kati ya pigo na pigo. Mapigo yanapozidi kuwa ya haraka, kitambo hicho hupungua. Mtu ambaye mishipa yake ya moyo ni mizima huvumilia. Mtu ambaye mishipa hiyo imeanza kuziba, pengine bila mwenyewe kujua, moyo wake hudaiwa kazi kubwa huku chakula chake kikipungua. Ndiyo maana kasi ambayo kwa mmoja ni mazoezi mema, kwa mwingine ni hatari.

Namna ya kupima mapigo

Kupima mapigo hakuhitaji mashine wala pesa. Tuchukue vidole viwili, cha shahada na cha kati, tuviweke kwenye kifundo cha mkono wa pili, upande wa kiganja, chini ya kidole gumba. Tubonyeze polepole mpaka tuhisi mshipa unapiga. Tusitumie kidole gumba, kwa kuwa nacho kina mapigo yake na kitatudanganya. Tukiwa tumetulia, tuhesabu kwa sekunde 30, kisha tuzidishe kwa mbili. Tukiwa katikati ya mazoezi, tusimame, tuhesabu kwa sekunde 15, kisha tuzidishe kwa nne, kwa sababu tukichelewa mapigo huanza kushuka na hesabu haitakuwa ya kweli.

Wengine hupima shingoni, kando ya koo. Hilo linafaa, ila tubonyeze upande mmoja tu na kwa wepesi. Kubana pande zote mbili za shingo kunaweza kumletea mtu kizunguzungu hata akazirai.

Vijana wengine wamevaa saa za kidijitali zinazohesabu mapigo. Zinasaidia, lakini saa iliyolegea au iliyolowa jasho inaweza kukosea. Anayetilia shaka saa yake atumie vidole vyake.

Tunawaomba kuanzia kesho kila mmoja apime mapigo yake asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, kwa siku saba, na aandike namba hizo. Anayefanya mazoezi ya kudumu huenda akapata chini ya 60, na kwake si jambo la kutisha ikiwa hana kizunguzungu wala uchovu usio wa kawaida. Lakini anayepata zaidi ya 100 kila siku akiwa ametulia, au anayehisi mapigo yanaruka na kukosa mpangilio, aende kituo cha afya kabla ya siku ya mbio.

Kiwango kinachofaa kwa kila umri

Wataalamu wana hesabu rahisi ya kukadiria kasi ya juu kabisa ya moyo: chukua 220, toa miaka yako. Mtu wa miaka 40 atapata 180. Hiyo ni dari, wala si shabaha ya kufikia. Mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, hufanyika kati ya asilimia 50 na 70 ya namba hiyo. Mazoezi makali, kama kukimbia kwa bidii, hufanyika kati ya asilimia 70 na 85.

Tuwape mifano ili msihangaike na hesabu. Mtu wa miaka 20: mazoezi ya wastani ni mapigo 100 hadi 140 kwa dakika, na makali hayapiti 170. Mtu wa miaka 40: wastani ni 90 hadi 126, na makali hayapiti 153. Mtu wa miaka 50: wastani ni 85 hadi 119, na makali hayapiti 145. Mtu wa miaka 60: wastani ni 80 hadi 112, na makali hayapiti 136. Mtu wa miaka 70: wastani ni 75 hadi 105, na makali hayapiti 128.

Tazameni tofauti kati ya mwenye miaka 20 na mwenye miaka 60. Kasi inayompa kijana mapigo 150 yuko bado ndani ya kiwango chake. Baba yake akiwa na mapigo 150 amekwishavuka mpaka. Wanakimbia barabara moja, pengine bega kwa bega, lakini hawafanyi kazi moja. Kwa hiyo, wazee wetu, kumfuata kijana hatua kwa hatua si ushujaa, na kijana anayemcheka mzee kwa kubaki nyuma hajui anachokicheka.

Lazima pia tuseme kwamba hesabu hii ni ya makadirio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10 au 12 kila upande, na wengine zaidi. Namba ni kibao cha barabarani: kinatuonyesha tuendako, lakini macho yetu lazima yabaki barabarani. Asiyezoea mazoezi aanzie chini kabisa ya kiwango chake, hata kama namba inamruhusu kupanda.

Kipimo cha maneno

Kwa wale wasiopenda hesabu kuna kipimo kingine ambacho wakufunzi wanakiamini, nacho ni ulimi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba wimbo mzima, uko katika mazoezi ya wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kutafuta pumzi, uko katika mazoezi makali. Sisi watu wa mpakani tuna salamu ndefu. Tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za biashara, na za wale walioko ng'ambo. Basi ukikutana na rafiki njiani siku ile, msalimu. Ukiweza kumaliza salamu zote, moyo wako hauna malalamiko. Ukiishia kwenye "habari" na pumzi ikakatika, punguza mwendo.

Askari waliopitia mafunzo wanalijua hili kwa njia nyingine. Katika mchakamchaka wa alfajiri kiongozi huimba, kundi huitikia. Wengi hudhani nyimbo hizo ni za kuchangamsha tu. Lakini mkufunzi mwenye uzoefu huzitegea sikio: kiitikio kikiwa kikubwa, kundi lina pumzi, sauti zikianza kupungua upande wa nyuma, mwendo umewazidi baadhi ya watu, naye hupunguza kasi kabla mtu hajaanguka. Jumamosi ile tutaimba kwa sababu hiyo hiyo. Tukisikia kimya, tutajua kuna mwenzetu anayeteseka.

Mambo yanayopandisha mapigo bila sisi kujua

Moyo hautofautishi mchezo na kazi. Neno bodaboda lenyewe, kama wazee wanavyotusimulia, lilizaliwa hapa hapa Busia katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipobeba abiria na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Wengine bado wanasukuma baiskeli zilizojaa magunia. Mama anayebeba mzigo kichwani tangu alfajiri naye amefanya mazoezi tayari. Watu hawa wasije wakaongeza mbio kali juu ya kazi ya siku nzima bila kupumzika. Kwa upande mwingine, dereva wa lori aliyekaa kwenye usukani kwa siku kadhaa, na pengine akangoja foleni usiku kucha, mwili wake umelala. Yeye aanze kwa kutembea.

Joto na kiu hupandisha mapigo. Jasho likitoka bila maji kurudishwa, damu hupungua, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo maana tutaanza mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kutakuwa na maji njiani.

Homa hupandisha mapigo hata mtu akiwa amelala. Tunaishi penye malaria. Yeyote aliye na homa siku ile, au aliyetoka kuugua siku chache zilizopita, asikimbie. Upungufu wa damu nao hufanya vivyo hivyo, kwa sababu damu iliyo nyepesi inabidi izungushwe mara nyingi zaidi ili ibebe hewa ile ile. Wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao familia nyingi za mashariki mwa Uganda zinaufahamu, wasijaribu mbio kali bila ushauri wa daktari, na wasikubali kukaa na kiu.

Kuna pia tunavyoviingiza mwilini kwa hiari. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi. Mairungi, ambayo ng'ambo huitwa miraa, huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Sigara ni vivyo hivyo. Kijana aliyekesha akitafuna majani hayo, kisha akanywa kopo la kinywaji cha nguvu ili aje kushinda mbio, anakuja na moyo ambao umekwishakimbia usiku kucha. Tunasema haya bila kumtisha mtu. Aliye katika hali hiyo aje ashangilie, akimbie siku nyingine.

Mwisho, zipo dawa zinazoshusha mapigo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za moyo, kama atenolol, propranolol na bisoprolol, huzuia moyo kupanda hata mtu anapojitahidi sana. Anayezitumia asitegemee namba tulizotaja, kwa kuwa mapigo yake yataonekana machache ilhali mwili umechoka. Yeye atumie kipimo cha maneno. Na tafadhali, asiache dawa ili akimbie vizuri.

Nani apite kituo cha afya kwanza

Tunawaomba watu wafuatao wamwone mhudumu wa afya kabla ya siku ile: mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo au pumu, mama mjamzito, aliyepita miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, aliyewahi kuzirai au kuumwa kifua akiwa katika kazi ngumu, na yeyote ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla akiwa bado kijana.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2003, Juni 26, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka katikati ya uwanja timu yake ikicheza na Colombia. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28, mwanamichezo wa kimataifa, naye akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa. Ujana na misuli ya miguu si cheti cha afya ya moyo.

Dalili za kusimama

Mtu yeyote akihisi maumivu au kubanwa kifuani, maumivu yanayosambaa mkononi, shingoni au kwenye taya, kukosa pumzi kusikolingana na mwendo wake, kizunguzungu, giza machoni, jasho la baridi, au moyo kurukaruka bila mpangilio, asimame papo hapo na amwite aliye karibu. Asijifiche kichakani apumzike peke yake kwa aibu. Asiseme atamalizia mita mia zilizobaki.

Aliyemaliza salama naye asiketi ghafla. Atembee polepole dakika tano hadi kumi, kisha apime. Aghalabu moyo wenye afya hupunguza mapigo 12 au zaidi katika dakika ya kwanza baada ya mbio. Anayeona mapigo yake hayashuki awaambie wahudumu wa afya.

Mwenzetu akianguka

Sasa tunafika kwenye neno lililotufanya tuwaite ninyi, badala ya kubandika tangazo ukutani. Mara kadhaa katika mji huu tumeitwa mahali ambapo mtu ameanguka, tukawakuta watu wamemzunguka, wanatazama. Tulipouliza kwa nini hakuna aliyemgusa, jibu lilikuwa moja: "Tuliogopa polisi watasema sisi ndio tuliomwua." Wengine waliogopa zaidi kwa kuwa aliyeanguka alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, hawakumjua jina wala ukoo.

Ndugu zetu, moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Polisi wakichelewa dakika kumi, watakuja kuandika tu. Kwa hiyo sikilizeni ahadi yetu mbele ya wenyeviti wenu. Anayemsaidia aliyeanguka, kwetu ni msaidizi. Tutamuuliza aliona nini, kama tunavyomuuliza shahidi, kisha tutamshukuru. Askari atakayemtisha mtu kwa sababu ameokoa, au amejaribu kuokoa, habari zake zifikisheni ofisini kwetu. Sisi nasi tunawaomba jambo moja: simu na mfuko wa aliyeanguka viwe salama.

Hatua zenyewe ni hizi. Mtikise bega na umwite kwa sauti. Asipoitikia, na kama hapumui au anakoroma na kutweta kwa mbali kama samaki nchi kavu, hesabu kwamba moyo umesimama. Mtume mmoja apige simu 999 au 112. Namba hizo zinafanya kazi Uganda na Kenya pia, na kwa kuwa simu zetu hapa hushika mtandao wa upande wowote, anayepiga ataje kwanza yuko upande gani wa mpaka. Mlaze mgonjwa chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kiache kifua kiinuke kila mara. Mliowahi kutazama gwaride letu, mwendo wa haraka ni karibu hatua 120 kwa dakika: mwendo ule ule ndio wa mikono. Badilishaneni kila dakika mbili, kwa sababu kazi hiyo inachosha, wala msiache mpaka wahudumu wa afya wafike au mtu aanze kupumua.

Inawezekana kumrudisha mtu. Juni 12, 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani katika mchezo dhidi ya Finland, moyo ukiwa umesimama. Wenzake walimwendea mara moja, madaktari wakamkandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Mwaka uliofuata alicheza mpira tena. Sisi hatuna mashine hiyo barabarani, lakini mikono tunayo.

Utaratibu wa siku ya mbio

Kwa makubaliano na viongozi wa pande zote mbili, mwaka huu hakutakuwa na zawadi ya upande utakaowahi kufika. Wasamia na Wateso wanaishi huku na kule. Mara nyingi anayeshindana na upande wa pili anashindana na mjomba wake. Tutakwenda katika makundi ya watu kumi waliochanganyika, wa huku na wa ng'ambo, askari mmoja katika kila kundi. Mwendo utakuwa wa yule aliye mzito kuliko wote, na kundi litahesabiwa limefika pale tu wote kumi watakapofika. Anayepumzika hatahesabiwa kuwa ameshindwa, na kundi lake litatembea naye.

Tutapima mapigo mara tatu: kabla ya kuanza, katikati ya njia penye maji, na mwisho. Dakika kumi za kwanza ni za kutembea na kunyoosha viungo. Ambaye mapigo yake yatapita 100 kabla ya kuanza ataketi dakika kumi na kupimwa tena. Yakibaki juu, atatusaidia kugawa maji. Tunawaomba wake na waume wa watu hao wasiwacheke nyumbani.

Tena, Jumamosi moja haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hiyo ni angalau nusu saa kwa siku, siku tano. Moyo uliozoeshwa kidogo kidogo hufanya kazi ile ile kwa mapigo machache, na namba mlizoandika asubuhi zitawaonyesha hivyo baada ya miezi michache.

Wahudumu wa afya wako chini ya mwembe pale na vifaa vya kupimia shinikizo la damu, bila malipo. Askari wetu wawili wana godoro la kuwaonyesha namna ya kukandamiza kifua, na kila mwenyekiti wa mtaa anaombwa alete watu wake watano wajifunze kwa mikono kabla ya kuondoka. Wenye maswali tunabaki nanyi hapa mpaka swali la mwisho lijibiwe.

 Kwa Mungu na nchi zetu.